Luksi 410 mchana, 168 usiku: kisa cha ukumbi wa kusokota katani, Tanga

Karatasi ya vipimo ilionyesha wastani wa luksi 410 (luksi hupima mwanga unaotua mahali pa kazi), na mwenye kiwanda akaona mambo ya taa yamekwisha. Zamu ya usiku ilikuwa na habari nyingine. Wasokotaji walivaa tochi za kichwani, uzi uliokatika ulitafutwa kwa vidole kabla ya macho, na madonge yaliyorudishwa kwa kasoro ya unene yalikuwa karibu yote ya baada ya magharibi. Umeme ukikatika, jenereta ilichukua sekunde 12 kuwasha taa. Kwa sekunde hizo 12 watu walisimama gizani kati ya mashine ambazo bado zilikuwa zinazunguka.

Ukumbi huu ni wa mfano. Namba zake zimepangwa ili msomaji aweze kufuata hesabu kutoka mwanzo hadi mwisho, lakini kasoro zilizomo ni zile zile anazozikuta fundi au afisa usalama akiingia kwenye ukumbi wa katani au ghala lolote lenye paa la bati. Tuuweke kando ya barabara ya kwenda Pongwe. Urefu ni mita 48 na upana mita 18, yaani eneo la mita za mraba 864. Paa ni bati, na hapa na pale zimewekwa karatasi za plastiki za kupitisha mwanga. Taa ni 60, kila moja ina tyubu mbili za wati 58 na choki za zamani za sumaku, zimening'inizwa mita 5.5 juu ya sakafu. Mashine za kuchana ziko kaskazini, za kusokota katikati, na kuviringisha madonge pamoja na kufunga kunafanyika kusini. Njia ya kati ina upana wa mita 1.8 na mlango kila mwisho. Kuna mlango wa tatu ubavuni, na ngazi ya chuma inayopanda kwenye ofisi ya msimamizi.

Kipimo cha kwanza kilipima jua

Wastani wa 410 ulipatikana saa 5 asubuhi, milango ikiwa wazi na jua likipenya kwenye plastiki za paani. Kipimo hakikukosea. Kilijibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Tanga jua huzama kati ya saa 12:15 na saa 12:50 jioni mwaka mzima, na giza linaingia ndani ya dakika ishirini na kitu. Zamu inayoanza saa 8 mchana na kumalizika saa 4 usiku hutumia zaidi ya saa tatu za mwisho kwa mwanga wa taa peke yake, na ni saa hizo ambazo mwili umechoka. Namba inayotafutwa ni ya saa hizo.

Ukilazimika kupima mchana, pima kila pointi mara mbili, taa zikiwaka na zikiwa zimezimwa, kisha toa. Njia hii inafaa anga likiwa limetulia tu. Siku ya mawingu yanayopita, jua linabadilika kuliko taa zenyewe na tofauti unayoipata haina maana.

Kipimo cha pili kilifanywa saa 2 usiku, taa zikiwa zimewaka nusu saa nzima. Sakafu iligawanywa kwa miraba ya mita 3 kwa 3, ikatoa pointi 16 kwa urefu na 6 kwa upana, jumla 96. Kila pointi ilisomwa katika urefu wa mita 0.85, sensa ikiwa imelala juu ya stendi, na msomaji akiwa amesogea hatua mbili nyuma. Kivuli cha mwili hupunguza usomaji, na shati jeupe huuongeza. Kipima mwanga kiwe kile chenye cheti cha karibuni na sensa inayosahihisha mwanga unaoingia kwa ubavu. Programu za simu zinafaa kutafutia kona zenye giza. Namba zake usiziandike kwenye ripoti, maana sensa ya simu imewekwa kwa ajili ya kurekebisha mwangaza wa kioo.

Matokeo: wastani luksi 168, pointi ya chini kabisa luksi 41, na taa 11 kati ya 60 zimekufa. Ukigawa 41 kwa 168 unapata 0.24, kipimo cha usawa wa mwanga. Kwa kazi ya nyuzi kipimo hicho hutakiwa kisipungue 0.60 ndani ya eneo la kazi. Kilichotisha zaidi hakikuwamo kwenye pointi 96. Sensa ilipoinamishwa kufuata mteremko wa uzi, mahali msokotaji anapounganisha uliokatika, ilisoma luksi 95. Jicho linafanya kazi kwenye uzi, na uzi haulali kama meza, kwa hiyo kipimo cha mlalo peke yake kilikuwa kikificha karibu nusu ya tatizo.

Kiwango ni kipi hasa

Kwa Tanzania, mwajiri anafungwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya 2003, na OSHA, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ndio wakaguzi wake. Njia za kutokea wakati wa moto ni eneo la Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Namba za luksi kwa kila kazi, mafundi huzitoa kwenye viwango vya kimataifa: ISO 8995-1 na mwenzake wa Ulaya, EN 12464-1.

Hapa ndipo mjadala ulipozuka. Mshauri mmoja alifungua jedwali la viwanda vya nguo, akakuta kusokota na kuviringisha ni luksi 500, akataka ukumbi mzima uwe 500. Mwingine alishika 300. Wote wawili walisoma jedwali moja, mistari tofauti. Mstari wa 500 unahusu kusokota kwa jumla. Mstari wa 300 unahusu kuchana na kuandaa nyuzi, na ndani yake kumetajwa wazi kusokota juti na hempu, yaani nyuzi ngumu na nene. Katani haimo kwa jina, lakini ni ndugu wa juti na hempu kwa unene na rangi kuliko ilivyo ndugu wa pamba. Kwa hiyo 300 kwa kuchana na kusokota ni uamuzi unaotetewa mbele ya mkaguzi. Kuviringisha madonge na kukagua kulipewa 500, kufungua marobota 200, kufunga na kusafirisha 300, ghala 100 (200 kama kuna mtu anayeshinda humo), njia za kupita na ngazi 100, na rampu ya kupakia 150.

Sehemu ya kuungia uzi pia ilipewa 500, kwa taa ndogo ya mstari iliyofungwa kwenye mashine yenyewe. Kumwaga luksi 500 kwenye mita za mraba 864 ili kumsaidia mtu kuona kipande cha sentimita 20 ni kulipa bili kubwa kwa kazi ndogo. Zaidi ya hayo, taa ya karibu inaondoa kivuli cha kichwa cha msokotaji mwenyewe, jambo ambalo taa ya paani haiwezi hata ikiwa na nguvu mara mbili.

Kiwango hicho hicho kinaruhusu kupanda ngazi moja pale macho ya wafanyakazi yanapokuwa chini ya kawaida: kutoka 300 kwenda 500, kutoka 500 kwenda 750. Ukumbi ambao nusu ya wasokotaji wamevuka miaka 45 ni ukumbi wa kuuliza swali hilo mapema, kabla taa hazijanunuliwa.

Neno moja katika majedwali haya huponyoka watu wengi. Luksi zinazotajwa ni zile *zinazodumishwa*, yaani kiwango ambacho wastani hautakiwi kushuka chini yake wakati wowote, hata siku ya mwisho kabla ya taa kufutwa vumbi. Siku ya uzinduzi lazima kiwe juu zaidi.

Mwanga ulipotelea wapi

Badala ya kubahatisha, ilichukuliwa safu moja ya taa na kufanyiwa jaribio la hatua tatu, sensa ikiwa imeachwa pale pale chini yake. Kama ilivyo: luksi 172. Baada ya kufuta viakisi na tyubu kwa kitambaa chenye sabuni laini, umeme ukiwa umezimwa: 236. Baada ya kuweka tyubu mpya: 290. Gawa 172 kwa 236, uchafu peke yake umebakiza asilimia 73. Gawa 236 kwa 290, uzee wa tyubu umebakiza asilimia 81. Zidisha, unapata 0.59. Kati ya kila luksi kumi zilizonunuliwa, nne hazifiki.

Sababu ya uchafu kuwa mkubwa hivyo ni mafuta. Katani hulainishwa kwa mafuta kabla ya kusokotwa, na vumbi lake linaloruka huwa na utando wa mafuta hayo. Vumbi kavu la ghala la nafaka unaweza kulipuliza. Hili hunata, halafu linashika jingine. Likijikusanya juu ya choki inayochemka linakuwa pia suala la moto, na hiyo peke yake ilikuwa sababu tosha ya kuachana na taa zilizo wazi.

Hesabu mbili za taa mpya

Mkandarasi alileta pendekezo la taa 54 za LED zilizozibwa kwa daraja la IP65, kila moja lumeni 10,000 (mwanga wote unaotoka kwenye taa) na wati 70. Fomula yake, ya mwanga wa jumla wa 300 (sehemu za 500 hazimo), ilikuwa sahihi: luksi zinazotakiwa mara eneo, gawanya kwa lumeni za taa moja mara kipengele cha matumizi (sehemu ya mwanga inayofika kwenye kazi) mara kipengele cha matunzo (sehemu inayobaki baada ya uchafu na uzee).

300 × 864 ÷ (10,000 × 0.6 × 0.8) = 54

Kasoro iko kwenye 0.8, kipengele cha matunzo cha ofisi safi yenye kiyoyozi. Jaribio la safu moja limetuonyesha 0.59. LED haizeeki kama tyubu, lakini inazeeka: ikishuka hadi asilimia 80 mwisho wa maisha yake, vumbi likibakiza 0.8 kwa kufutwa kila miezi 6, na kuta zikibakiza 0.95, jumla ni 0.61. Ukiweka 0.6 hesabu inasema hivi:

300 × 864 ÷ (10,000 × 0.6 × 0.6) = 72

Taa 54 zingeng'aa vizuri siku ya kukabidhiwa kazi, kila mtu angepiga picha, na baada ya muda ukumbi ungetua kwenye luksi 225. Mkandarasi angekuwa amelipwa zamani.

Namba 72 nayo ina masharti. Ile 0.6 ya kwanza, kipengele cha matumizi, inategemea umbo la ukumbi na rangi ya kuta na dari. Kuta zikibaki na weusi wa moshi na bati likibaki na kutu, kipengele kinashuka kuelekea 0.5 na taa zinakuwa 87. Ndoo za rangi nyeupe zinaokoa taa 15. Kwa upande mwingine, wakikubali kufuta taa kila miezi 3 badala ya 6, kipengele cha matunzo kinapanda hadi karibu 0.68 na taa zinashuka hadi 64. Hapo ni hesabu ya mwenye mali: ngazi na watu wawili mara nne kwa mwaka, au taa nane zaidi na umeme wake. Binafsi tungechagua 72. Ratiba ya kufuta taa ni kitu cha kwanza kufutwa mambo yakibana.

Taa 72 za wati 70 ni kilowati 5.04. Zile 60 za zamani, pamoja na hasara ya choki, zilikula kama kilowati 8.5.

Mkataba uandikwe kwa namba ya siku ya kwanza. Taa 72 zikiwa mpya na safi zinatakiwa zitoe 720,000 × 0.6 ÷ 864, yaani luksi 500 za wastani. Ukipima usiku wa makabidhiano ukakuta 380, usiridhike kwamba umevuka 300. Huenda umeletewa taa zenye lumeni pungufu kuliko zilivyoandikwa, na ukumbi utakuwa chini ya 300 mapema kuliko unavyodhani.

Mpangilio nao ulibadilishwa. Taa za zamani zilifuata nguzo za paa, kwa hiyo nyingine ziliangaza migongo ya mashine. Mpya zilipangwa safu 6 za taa 12, taa hadi taa mita 4, safu hadi safu mita 3, kisha safu zikasogezwa kidogo ili ziangukie juu ya nafasi anazosimama mtu. Zikagawanywa pia kwenye fezi tatu, safu kwa safu. Taa za choki, na LED za bei rahisi, huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde kwa umeme wetu wa hezi 50. Spindeli yenye mikono miwili ikizunguka mara 3,000 kwa dakika hugeuka nusu mzunguko kila taa inapowaka, mkono mmoja ukiwa mahali pa mwenzake, na machoni inaonekana imesimama. Mtu anapeleka mkono. Draiva nzuri za LED (vifaa vinavyoipa taa umeme wake) zinaondoa tatizo hili; kuchanganya fezi ni kinga ya pili kwa gharama ya waya tu.

Sekunde 12

Mwenye kiwanda aliamini jenereta ndiyo taa yake ya dharura. Siyo. Kiwango cha EN 1838, cha Ulaya kwa taa za dharura, ambacho ndicho mshauri alikichagua, kinataka njia ya kutokea ipate nusu ya mwanga wake ndani ya sekunde 5 na wote ndani ya sekunde 60. Jenereta ya sekunde 12 imeshachelewa. Na moto ukianzia kwenye ubao wa umeme, jenereta inaweza kunguruma vizuri nje huku ndani hakuna waya wa kupitishia.

Wapo wanaochukua namba kutoka viwango vya Marekani: wastani wa luksi 10.8 mwanzoni, chini isishuke 1.1, kwa dakika 90. Ni sawa kabisa, mradi uzifuate zote. Kuchota wastani wa huku na muda wa kule huzaa mfumo ambao hakuna mkaguzi anayeweza kuupitisha.

Kwa EN 1838 mahitaji ya ukumbi huu yalikuwa ya aina tatu, na kuyachanganya ndiko kunakoharibu michoro mingi. Ya kwanza ni njia ya kati: luksi 1 sakafuni kwenye mstari wa katikati, isiyopungua, na nusu ya hiyo kwenye ukanda wa katikati unaochukua nusu ya upana wa njia. Luksi 1 ni kidogo, lakini mbalamwezi ya mwezi mpevu ni karibu robo yake, na watu hutembea nayo. Kinachowaangusha ni tofauti kati ya doa la mwanga na doa la giza. Ndiyo maana sehemu yenye mwanga mwingi isizidi mara 40 ya sehemu yenye mwanga kidogo.

Pendekezo la kwanza lilikuwa na taa mbili kubwa za dharura, moja kila mlango. Chini ya taa luksi 22, katikati ya ukumbi luksi 0.3. Linaanguka mara mbili: halifiki 1, na uwiano ni 73 kwa 1. Anayekimbilia mlangoni anapofushwa na taa ile ile iliyowekwa kumsaidia, asione toroli iliyoachwa njiani.

Taa ndogo nyingi ndizo zinazofanya kazi. Chukua taa ya lumeni 250 inayosambaza mwanga kwa upana kuelekea chini. Moja kwa moja chini yake inatoa karibu kandela 80 (nguvu ya mwanga kuelekea upande mmoja), na kutoka urefu wa mita 3 hiyo ni 80 ÷ 9, luksi 8.9. Ziweke mita 9 kutoka moja hadi nyingine. Katikati yake pembe ni digrii 56, kandela zimeshuka hadi 44, kila taa inaleta luksi 0.83, mbili 1.67. Zidisha kwa kipengele cha matunzo cha 0.6, maana vumbi la mafuta haliheshimu taa za dharura: luksi 1.0. Uwiano ni kama 5 kwa 1. Taa sita zinatosha mita 48, ya kwanza mita 1.5 kutoka mlangoni, kisha kila mita 9, ya mwisho mita 1.5 kutoka mlango wa pili. Hesabu hii haikuongeza mwanga unaorudishwa na kuta, na haitakiwi kuongeza.

Kuna taa nyingine za lazima, mbali na zile sita: juu ya ngazi ya chuma, ndani ya mita 2 ili kila kikanyagio kipate mwanga wa moja kwa moja, kwenye kona na makutano, nje ya kila mlango wa mwisho, kwa sababu anayetoka mbio hukanyaga kizingiti akiwa bado haoni, na kwenye vizimamoto, kengele ya moto na sanduku la huduma ya kwanza, ambapo hutakiwa luksi 5 kwenye kitu chenyewe.

Ya pili ni eneo lililobaki, vijia kati ya mashine ambako msokotaji yuko kabla hajafika njia ya kati. Sakafu tupu hapo hutakiwa luksi 0.5. Mchoro wa kompyuta ulichorwa ukumbi ukiwa mtupu, ukaonyesha kila mahali pamepita. Mashine zenye kimo cha mita 2 zikaingizwa kwenye mchoro, na vijia vinne vikawa sifuri. Taa nne za ziada zikawekwa humo.

Ya tatu ndiyo iliyosahauliwa kabisa. Pale penye kazi ya hatari mwanga wa dharura ni asilimia 10 ya mwanga wa kazi, usiopungua luksi 15, na ufike ndani ya nusu sekunde. Mashine ya kuchana ina ngoma nzito yenye meno, na umeme ukikatika inaendelea kuzunguka kwa uzito wake. Asilimia 10 ya 300 ni luksi 30, kwa muda wote ambao hatari ipo. Muda huo hupimwa kwa saa ya mkononi: zima mashine, hesabu hadi ngoma isimame. Taa mbili juu ya kila mashine ya kuchana zilihamishiwa kwenye inveta yenye betri. Vifaa vya betri vya kubandika kwenye taa za kawaida havikutumika hapo, kwa kuwa vingi huchukua sekunde moja au zaidi kuwaka, na karatasi zake hazisemi mpaka uulize. Breki kwenye ngoma ingefupisha hatari yenyewe, na kama bajeti ingetosha kitu kimoja tu, breki ingetangulia taa.

Mambo yaliyokutwa wakati wa kufunga

Fundi alivuta umeme wa taa za dharura kutoka sakiti ya soketi kwa sababu ilikuwa karibu. Maana yake, breka ya taa za ukumbi ikijikata yenyewe, soketi bado zina umeme, na taa za dharura zinabaki zimelala huku ukumbi uko gizani. Zinatakiwa zichukue waya kutoka breka ile ile ya taa za eneo lake, kabla ya swichi. Ni kosa la kawaida mno, na jaribio la kuzima swichi kuu haliligundui. Linagunduliwa kwa kushusha breka moja moja.

Taa mbili zilikuwa zimepandishwa chini ya bati. Lebo zake ziliandika joto la juu nyuzi 25, na chini ya bati la Tanga adhuhuri hiyo ni ndoto. Betri za taa hizi hubuniwa kudumu angalau miaka 4 kwenye joto la lebo. Zikipikwa zinakufa mapema, na taa ya kijani ya kuchaji inaendelea kuwaka kana kwamba mambo ni mazuri. Zote zilishushwa hadi mita 3, na zilizonunuliwa tena zilikuwa na lebo ya nyuzi 50.

Muda wa betri ulipandishwa kutoka saa 1 hadi saa 3. EN 1838 inaridhika na saa 1, lakini betri iliyomaliza chaji huhitaji hadi saa 24 kujaa. Umeme ukikatika saa 1 usiku na tena saa 3, taa yenye betri ya muda wa saa 1 huenda ikawa imeshaisha mara ya pili inapohitajika. Msimamizi naye aandikiwe wazi kwamba taa za dharura si za kuendelezea kazi jenereta ikigoma.

Alama za mlango zilikuwa stika za kijani zenye kimo cha sentimita 10. Alama inayomulikwa kwa nje husomeka kutoka umbali wa mara 100 ya kimo chake, hapa mita 10. Inayowaka kwa ndani ni mara 200. Kutoka katikati ya ukumbi hadi mlangoni ni mita 24, kwa hiyo kimo cha sentimita 12 kinatosha ikiwa inawaka kwa ndani, au 24 ikiwa inamulikwa. Zilichaguliwa zinazowaka kwa ndani muda wote, zikafungwa zaidi ya mita 2 juu ya sakafu. Marobota yaliyokuwa yakipangwa mbele ya mlango wa kusini yalihamishwa, na mstari wa njano ukachorwa sakafuni.

Mlango wa ubavuni ulikuwa na mnyororo na kufuli, kwa hofu ya wizi wa madonge. Taa inayomwongoza mtu kwenye mlango uliofungwa ni mbaya kuliko kutokuwa na taa. Kufuli liliondolewa, ukawekwa upau wa kusukuma unaofunguliwa kutoka ndani tu, na kengele inayolia ukifunguliwa.

Kupima luksi 1 kunahitaji kipima mwanga kinachosoma hadi 0.01. Vile vya bei nafuu vinavyosoma kwa luksi nzima vinaweza kuonyesha 1 palipo na 0.6. Kipimo cha makubaliano kilifanywa usiku usio na mwezi, plastiki za paani zikiwa haziingizi kitu, na kilisomwa dakika za mwisho za saa ya 3, betri zikiwa karibu kwisha.

Kila mwezi breka za taa hushushwa moja moja kwa muda mfupi, na kila taa inayokataa huandikwa kwenye daftari kwa namba yake. Mara moja kwa mwaka zinaachwa ziwake saa 3 kamili. Kwa kuwa baada ya hapo betri ni tupu kwa siku nzima, taa zenye namba witiri zinajaribiwa Jumapili moja kiwanda kikiwa kimefungwa, na zenye namba shufwa Jumapili inayofuata.